Bunduki ya Marehemu Lwakatare

Kabati lilikuwa wazi, bunduki ya marehemu Lwakatare haimo. Mjane wake, Felicitas, alishavaa gauni la kanisani ili aipeleke polisi. Utaratibu mpya ulikuwa umetangazwa pale Nyanga: mwenye kibali akifa, waliobaki nyumbani waisalimishe silaha yake. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Inspekta Renatha wa upelelezi, Bukoba, alikagua kufuli. Halikuvunjwa.

"Funguo anazo nani, Mama?"

"Mimi. Na huyo."

Huyo ni mwanawe Kamugisha, aliyekuja kutoka Muleba kumaliza matanga. Ukoo ulikuwa umemsimika kuwa msika, yaani mrithi. Alikalia kiti cha baba yake, mkuki wa baba yake magotini, akichokonoa meno.

"Bunduki iko wapi?"

"Muulizeni yeye. Si ndiye aliyewaita?"

"Isipopatikana, anayeingia ndani ni mama yako."

"Sheria ni zenu, Afande."

Mama mzazi anatishiwa mahabusu, yeye anachokonoa meno!

Renatha alitoka nje na Felicitas, akazunguka kibanja, shamba la migomba la nyumbani. Nyuma ya jiko kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za rubisi, pombe ya kienyeji, limefunikwa majani mabichi na udongo mpya. Yeye mwenyewe ni Mhaya, mzaliwa wa Kitendaguro. Alijua shimo lenye ndizi hufukuta joto. Akapenyeza mkono. Baridi tupu.

"Rubisi ya nani hii?"

"Ya msika," alisema Felicitas. "Kasema ya wageni. Kanikataza nisifunue, eti zitaharibika."

"Fukueni!" Renatha aliwaamuru askari wake.

Bunduki ilitoka imeviringishwa kwenye kanzu ya marehemu, ile ya Pasaka. Felicitas alishika mdomo.

Renatha aliingia nayo ndani. "Kibali ni cha mtu, Kamugisha. Hakirithiwi kama kibanja. Uliificha wewe?"

Kijiti cha meno kilimdondoka.

"Niliificha. Nimekabidhiwa mkuki, panga na kiti. Bunduki mchukue nyinyi? Ukoo mzima ungenicheka! Msika gani huyo?"

"Kwa hiyo mama yako alale mahabusu ili wewe usichekwe?"

"Ni mzee. Mngemwonea huruma, mngemwachia."

"Mngemwonea nyinyi!" Felicitas alifoka. "Na wewe je, uliyenyonya hapa?"

Renatha akatoa pingu.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Felicitas alimwambia Renatha. Akamsogelea Kamugisha, akamnyang'anya mkuki.

"Haya. Sasa toka kwenye kiti cha mume wangu."