Ofisi Isiyo na Ukuta

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani kulikuwa na mtu anayesugua kitu.

Mama Kishindo alinyanyua kichwa. Mama mkwe wake alikuwa ameketi karibu na mlango, anapiga brashi viatu vidogo vyeusi. Vilikuwa vya mjukuu wake, binti aliyeitwa Kishindo kwa kelele zake.

"Mama, shule hawampokei bila cheti cha kuzaliwa. Na Jumatatu ndiyo hiyo!"

"Tutakipata leo, mwanangu. Tutapita mlango wa nyuma. Yule kijana wa pale tutampa ya soda."

Mama Kishindo aliijua ofisi ile. Ukuta mrefu, na kidirisha kimoja usawa wa kiuno. Ukitaka kusema na karani, sharti uiname. Watu waliinama na watoto mgongoni. Waliinama na mimba zao. Kisha sauti ya ndani inajibu, "Njoo kesho."

Kulipopambazuka wakatoka wote watatu. Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa anafungua kibanda chake.

"Mmependeza! Harusi ya nani?"

"Tunafuata cheti," bibi akanong'ona. "Mlango wa nyuma."

Fundi akacheka mpaka akashika ubavu. "Bibi, mlango huo umezibwa kwa matofali! Pana mkuu mpya. Piteni mbele kama watu."

"Lakini mtoto alizaliwa nyumbani," Mama Kishindo akasema.

"Hata kama, shoga yangu. Beba kadi yake ya kliniki. Na aliyeshuhudia akizaliwa aende mwenyewe akaseme. Nani alikuwepo?"

"Mimi!" bibi akasema. "Mikono hii ndiyo iliyompokea."

"Basi shahidi ni wewe. Cheti ni haki ya mtoto. Hiyo soda kanywe mwenyewe."

Mama Kishindo akarudi mbio kuchukua kadi.

Walipofika, alisimama mlangoni akashindwa kuvuka. Ukuta haukuwepo. Palibaki mstari mweupe tu sakafuni. Mwanga wa asubuhi ulipenya hadi mwisho wa chumba, mahali ambapo hakuwahi kupaona. Kumbe nyuma ya ukuta ule kulikuwa na meza, makabati na watu. Karani aliyemjua kwa vidole na pete yake, leo alikuwa na uso. Tena uso wa upole.

Bibi alikwenda moja kwa moja mbele ya meza. Akainama, akaanza kuusemesha ukingo wa meza. Mama Kishindo naye akajikuta mgongo unapinda wenyewe.

Mwanamke mmoja akainuka haraka. Alikuwa mkuu wa ofisi. "Shikamoo, mama. Inuka, tafadhali. Kiti hiki hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mgongo umezoea."

"Wengi bado wanainama. Siku yangu ya kwanza niliwatoa makarani wote nje, nikatoka nao. Tukainama kwenye kidirisha asubuhi nzima, kwa zamu. Wao wenyewe ndio waliosema ukuta uvunjwe."

"Na huyu naye aliinama?" bibi akamwonyesha karani mwenye pete.

"Huyo ndiye aliyelalamika kuliko wote!"

"Mkuu, usinitangaze!" karani akasema, na chumba kizima kikacheka.

Kisha akamgeukia bibi. "Haya, bibi, nieleze. Alizaliwaje?"

Bibi akaeleza. Mvua, barabara iliyokatika, uchungu uliokuja ghafla. Karani alisikiliza mpaka mwisho, asimkatize hata kidogo. Akaitazama kadi ya kliniki, akaandika.

"Soma uhakikishe, dada," akamwambia Mama Kishindo.

Akasoma polepole, neno kwa neno, jinsi alivyofundishwa kwenye darasa la jioni. Jina la mtoto. Jina la baba. Jina lake mwenyewe. Yote sawa. Mhuri ukagongwa, na hakuna aliyeomba kitu. Alikishika cheti kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Kishindo alikuwa kimya tangu waingie. Aliangaza macho juu, chini, kila pembe. Mkuu akamwuliza, "Na wewe, mama mdogo, una la kusema?"

Mtoto akavuta pumzi.

"Jumatatu naanza shule!"