Chuma cha Bakhshi

UPATU WA KWANZA

"Chuma hakiibiwi kikiwa sandukuni," Kadirdadi alisema. "Kinaibiwa kikiwa motoni."

Eti motoni! Jiwan alimtazama huyu askari mwenzake wa zamani kama mtu aliyeamkia bangi.

Walikuwa watatu, chumba cha nyuma, kwenye banda la chakula la Sundari karibu na soko la farasi, Agra. Mlango umefungwa. Harufu ya dengu na mavi ya farasi.

Leo siku ya chapa. Ofisi ya Bakhshi, ile inayoshika jeshi zima la mfalme, Padishah, kuanzia jemadari hadi kwato, inatoa chuma chake cha chapa sandukuni, mle ngomeni, na kukichomeka kwenye mkaa. Kila farasi anapigwa paja la kulia. Asiye na chapa si farasi, na mwenyewe si askari. Chapa hubadilishwa kila msimu. Mhunzi akithubutu kuiga, anakatwa mkono. Kwa hiyo waibe chuma chenyewe, wachape farasi wawili wa kukodi, wajipange na wenzao, warudi jeshini.

Jiwan hakutaka zaidi ya hapo. Na alikuwa askari haswa! Farasi wake alichukuliwa na mafuriko kwenye vita vya kusini. Sasa sheria inasema, ukifiwa na farasi, lete kipande cha ngozi yenye chapa. Yeye alirudi mikono mitupu. Karani mmoja wa Bakhshi, Hargovind, hata hakuinua macho.

"Alama iko wapi?"

"Imeenda na mto, bwana."

"Basi na wewe nenda nao."

Mwaka mzima mji mzima unamwita Mwana wa Mto.

Sundari akawatupia viriba viwili. "Vya marehemu mume wangu. Mkivitoboa, nawatoboa nyie."

"Tutavirudisha vimejaa, shemeji," Kadirdadi alisema.

"Vimejaa nini? Damu?"

Mpango mfupi. Wanaingia kama wachota maji. Kadirdadi anamchoma farasi sindano. Vurugu. Jiwan anachomoa chuma, anakitumbukiza kwenye kiriba kilichojaa maji. Kinapoa. Wanatoka.

UPATU WA PILI

Nani anamtazama mchota maji? Waliingia kama nzi.

Uani joto, vumbi, moshi wa manyoya yaliyoungua. Chuma kilikuwa kwenye mkaa, kimeiva chekundu.

"Nyie wa maji!" askari mmoja akapiga kelele. "Vumbi linatuua. Mwageni hapa. Yote!"

Utakataaje? Walimwaga. Kiriba cha Jiwan kikanywea mgongoni.

"Kaka, kitupu. Tuache."

"Kesho kinarudi sandukuni. Unataka kufa Mwana wa Mto?"

Sindano ikaingia. Farasi akaruka teke, makarani wakatawanyika kama kuku. Jiwan akakishika chuma kwa kitambaa, akakidumbukiza kwenye matone yaliyobaki kiribani. Tsss! Akajitupia kiriba mgongoni.

Akatembea.

Hatua za mwanzo ilikuwa joto tu. Halafu ngozi ya mbuzi ya kiriba ikaanza kukunjamana. Lango lile pale. Liko wazi. Karibu kabisa.

Ngoma zikalia.

Si upatu wa saa. Ngoma za ushindi! Mjumbe ameingia, Padishah ameshinda kusini. Zikilia hizo, ngome nzima inasimama, vichwa chini, malango yanafungwa mpaka zinyamaze. Kadirdadi alipanga kila kitu kwa upatu. Ushindi hakuupanga.

Jiwan alisimama. Chuma kikapita kiriba. Kikapita kanzu.

"Ukikitupa tumekufa wote," Kadirdadi alinong'ona. "Kaza."

Nyama inaungua na hakuna anayegeuka, maana siku hiyo kila kitu kinanuka kuungua. Mlinzi wa lango akamsogelea.

"Wewe, mbona unalia?"

"Furaha, bwana," Jiwan alisema. "Tumeshinda."

UPATU WA TATU

Ngoma zilinyamaza, lango likafunguliwa, wakapita. Bandani Sundari akabandua kanzu iliyomgandia Jiwan.

Kadirdadi akachungulia, akacheka. "Lo! Imetulia kuliko kwa farasi!"

Chapa ilikuwa mgongoni. Nzima. Kila mstari.

Nje mpiga mbiu akapita. Chuma cha Bakhshi kimeibiwa. Atakayemleta mwizi, awe nani, anarudishwa jeshini leo leo, na farasi anapewa.

Kadirdadi akaacha kucheka.

"Usinitazame hivyo, mdogo wangu."

"Nakutazamaje?"

Akainuka. "Nakuletea mafuta ya kidonda."

"Mafuta ninayo," Sundari alisema.

Kadirdadi alishatoka. Komeo likagonga kwa nje.

Sundari akaupiga mlango bega. Wapi! Dirisha lenyewe la kupita paka.

"Kitupe hicho chuma kisimani!"

"Kisima kiko nje, shemeji. Na huu mgongo nitautupa wapi?"

Sundari akamtazama. Akateleka chuma cha kuchomea chapati. "Nikikuchoma juu yake, chapa inafutika."

Jiwan akalala kifudifudi. Akang'ata kitambaa.

"Bado baridi," Sundari alisema, anapuliza mkaa huku machozi yanamtoka. "Ngoja. Ngoja kidogo."

UPATU WA NNE

Komeo likafunguka kabla chuma cha chapati hakijapata moto.

Walinzi. Nyuma yao Kadirdadi, anatazama viatu vyake. Mbele Hargovind, mikono nyuma, kama siku zote.

Karani aliinama. Akautazama mgongo bila haraka, akafuata mistari kwa ukucha, bila kuugusa, kama anavyokagua paja la farasi. Halafu akautazama uso.

"Mwana wa Mto," alisema.

"Ndiye mimi, bwana."

"Haya, inuka. Safari hii alama unayo."