Miiba Katika Maziwa

Malori ya Masisi yalikuwa yakishusha mizigo pembeni ya mtaa wa Majengo, mjini Goma, na vumbi jeusi la mawe ya volkano lilikuwa limewapaka wapakuzi wote rangi moja. Katikati ya makelele hayo alisimama msichana mwenye kikwembe cha buluu chenye maua ya njano, blauzi ya libaya yenye mabega yaliyotuna, na viatu vya kisigino ambavyo havikustahili mahali pale. Alikwenda kutoka kwa dereva mmoja hadi kwa mwingine akiuliza swali lilelile, nao walicheka.

Nyuma ya lori la mwisho, Harelimana alikuwa akipokea jibini za mama yake, ambazo yeye ndiye aliyeziuza mjini. Alikuwa kijana mrefu, aliyelelewa na watawa katika shule ya bweni, na abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyovaliwa na tai, ilikuwa imepigwa pasi kana kwamba vumbi lilikatazwa kuigusa. Kicheko cha madereva kilimkera. Alimsogelea yule msichana, akamwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyenne, unatafuta nini hapa? Watu wanakucheka."

"Wacheke. Natafuta mavi ya ng'ombe."

"Na viatu hivyo?"

"Viatu havitafuti kitu. Mimi ndiye natafuta. Uko nayo ama hauko nayo?"

"Mutu anayenukia vizuri hivi anataka mavi ya kufanya nini?"

"Ya kulisha artisho."

"Artisho ni mutu ama ni nyama?"

"Ni mwiba," alijibu msichana, akimpima kuanzia kola hadi viatu. "Lakini mwiba wenye adabu kuliko madereva wenu."

Jumamosi iliyofuata Harelimana aliteremka hadi mtaa wa Himbi akisukuma chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, lenye gunia la samadi, na abakosti yake ikiwa ileile. Wapita njia waligeuka kumtazama. Msichana, ambaye sasa Harelimana alijua kuwa anaitwa Kahindo na ni daktilo, mpiga chapa, katika biro ya kampuni ya kahawa, alimfungulia geti la nyuma huku amejishika kiuno.

"Wasichana wengine wanaletewaga marashi."

"Wasichana wengine hawakuomba mavi."

Nyuma ya biro ile kulikuwa na bustani iliyoshuka kuelekea ziwani. Mke wa bosi wa zamani, mama wa Kireno, ndiye aliyeianza. Biashara za wageni zilipogawiwa wananchi, Wareno waliondoka, na mkurugenzi mpya hakujali kilichoota nyuma ya dirisha lake. Kahindo alijali. Mimea yake ilimfika kiunoni, majani ya kijivu yaliyochanikachanika kama manyoya ya ndege mkubwa, na juu ya kila bua kichwa cha kijani chenye magamba, kikubwa kama ngumi.

"Sisi kule Masisi tukiona kitu kama hiki malishoni, tunang'oa," alisema Harelimana. "Kinachoma midomo ya ng'ombe."

"Ukithubutu kung'oa hapa, nitakuchoma mimi."

Kahindo alimfundisha kuipanda. Mbegu hakuzitaka, kwa kuwa mbegu za artisho hudanganya, na mtu hawezi kujua zitazaa nini. Alichukua mche unaochipuka ubavuni mwa mmea mama, akaukata pamoja na kipande cha mzizi, akauweka mbali na mwenzake kwa hatua nzima, akaufunika kwa majani makavu na samadi. Jua la kiangazi haliuui, wala baridi. Kila mwaka hurudi kutoka shinani. Vichwa alivikata kabla havijafunguka akaviuza jikoni mwa hoteli kando ya ziwa. Kimoja alimchemshia Harelimana kwa chumvi na ndimu, wakaketi kwenye ngazi wakichomoa gamba baada ya gamba na kufyonza nyama kidogo iliyoko chini.

"Kazi yote hii, halafu unakula kidogo hivi?"

"Ndiyo maana wanaokula artisho wanazungumza sana. Zungumza basi."

Akazungumza. Alimweleza kwamba presuri, ile dawa ya kugandisha maziwa iliyokuwa ikitoka Ulaya, haikufika tena tangu waliokuwa wakiiagiza waondoke. Wapo waliotumia tumbo la ndama mchanga. Lakini mama yake, Mukantwari, alimwita kila ng'ombe kwa jina lake, na hakuna ndama aliyewahi kuchinjwa kwake. Akiba ya presuri ikiisha, jibini imekwisha.

Kahindo aliinuka, akaenda pembeni ambako alikuwa ameacha kichwa kimoja kifunguke. Magamba yalikuwa yamepanuka, na katikati zilisimama nywele nyingi za zambarau, laini kama brashi ya kunyolea.

"Mama Mreno alikuwa anakausha hizi kivulini," alisema. "Unaloweka kidogo katika maji, unachuja, unatia maji yale katika maziwa vuguvugu. Kidogo tu. Halafu unangoja. Kama haigandi upesi, unangoja. Usiongeze."

Walijaribu katika kikombe cha bati, juu ya meza ya mashine ya kuandikia. Walipogeuza kikombe, maziwa hayakumwagika.

"Apolline," alisema Harelimana kwa sauti ya chini. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekwisha kukatazwa na serikali; wazee waliendelea kuitwa kwa yao majumbani, na wapendanao wengi wa Goma walikuwa wameyahifadhi kwa ajili ya kunong'ona.

"Célestin," alijibu Kahindo, naye hakucheka.

Tangu siku hiyo simu ya biro haikupumzika, Kahindo akipokea na Harelimana akipiga.

"Allô, biro ya kahawa."

"Nataka kilo moja ya daktilo."

"Daktilo hauzwi kwa kilo. Unalipa mzima, na baba yake yuko Butembo."

Jambo likafika mahali pake. Mzee Wenceslas, baba wa Kahindo, mfanyabiashara wa maharagwe na mtu wa kanisa, alipelekewa habari kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane wageni kutoka Masisi wangefika nyumbani kwake kuposa. Mukantwari alikubali. Wajomba walichaguliwa, na Laurent, mkubwa wao, akapewa kazi ya msemaji. Kilichobaki ni siku kufika.

Mwezi wa saba Harelimana alipanda Masisi na mfuko wa maua makavu. Kahindo alikuwa amelinyima jiko la hoteli vichwa vya mistari miwili mizima ili vifunguke kwa ajili yake. Lakini Masisi si Goma. Ukungu uliingia hadi ndani ya chumba cha jibini, maziwa yakapoa, na saa ilipopita hayakuwa yameganda. Harelimana, ambaye shuleni alizoea kengele kuitikiwa papo hapo, aliongeza maji ya maua. Akangoja kidogo, akaongeza tena. Maziwa yakaganda vizuri sana, akazipanga jibini ubaoni kwa fahari.

Zilipofika Goma zilikuwa chungu. Wenye maduka walizionja, wakatema, wakazirudisha zote kwa lori lilelile.

Mukantwari alizitupa mbele ya nyumba, wajomba wote wakiwa wameketi pale kupanga safari ya Butembo.

"Angalieni!" alisema. "Maziwa ya ng'ombe wangu! Mwiba umeingia katika maziwa. Huyo msichana ni mwiba mwenyewe. Anataka kunikaushia zizi kabla hajavuka mulango wangu. Butembo hakuna atakayekwenda."

Harelimana alijua. Alijua aliambiwa atie maji kidogo akatia mengi, aliambiwa angoje akakataa kungoja. Alifungua kinywa, akaona nyuso za wajomba, akakifunga. Kwa kimya hicho alimwacha binti wa watu abebe kosa lisilo lake, na hakuna pasi inayoweza kunyoosha jambo kama hilo.

Alisubiri hadi Jumatatu, baada ya ile Jumapili kupita, ndipo alipopiga simu.

"Allô, biro ya kahawa."

"Apolline..."

"Hapa hakuna Apolline. Kuko citoyenne Kahindo. Unataka kuongea na mkurugenzi?"

"Nisikilize. Barabara ilikuwa—"

"Barabara ilipitika. Binamu yangu alitoka Goma juma lile akafika. Baba alichinja mbuzi, Harelimana. Aliita wazee wa paroisi. Walikaa wamevaa suti zao za misa hadi giza, na mama akapasha chakula, akapasha tena. Juu ya nini hukutuma hata neno moja?"

"Mama alikasirika. Fromaji zilikuwa chungu."

"Nimesikia. Goma ni ndogo. Nimesikia pia kwamba mimi ni mwiba. Sasa nakuuliza wewe, si mama: ulitia kipimo nilichokuambia?"

Waya ulikoroma. Harelimana alisikia mashine ya kuandikia ikigonga kwa mbali, kisha ikaacha.

"Umenijibu," alisema Kahindo, akakata.

Alipiga tena, mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyepokea. Alipiga asubuhi iliyofuata. Laini ilikuwa imekufa mji mzima. Alikwenda hadi Himbi, geti likawa limefungwa kwa ndani. Hatimaye mlinzi alimhurumia akampitisha, naye akamkuta Kahindo na kisu, amefunga kikwembe cha kazini, akikata vichwa vyote, vikubwa na vile vichanga visivyofaa hata kuuzwa.

"Unafanya nini? Havijakomaa!"

"Mwaka huu hakuna ua litakalofunguka hapa. Kila kitu kinaenda hotelini. Wao wanalipa na hawanitukani."

"Nisamehe. Ni mimi niliyeongeza. Mara mbili. Ni kosa langu."

Kahindo alisimama. Mikono yake ilikuwa imechanwa na miiba, na hakuwa amejali kuifunika.

"Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa najua tayari. Mbele ya watu uliniacha nitukanwe, halafu unakuja kuomba radhi nyuma ya ukuta, mahali pasipo na mutu? Nenda ukasemee pale uliponyamaza."

"Wajomba watanidharau."

"Basi wakudharau," alisema Kahindo, akarudi kukata.

Ilimchukua Harelimana siku nyingi kuliko inavyompasa mwanaume. Aliuza jibini chache za zamani, akagombana na wateja, akalala bila usingizi na kuamka na hasira ambayo hakuwa na wa kumwagia isipokuwa yeye mwenyewe. Kisha akapanda lori. Aliwakuta wajomba kwa mama yake, akakataa kiti, akasema yote akiwa amesimama.

Mukantwari hakupaza sauti. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilimtukana mutoto wa watu," alisema polepole, "na wewe ulikuwa umekaa pale, unanitazama nikimtukana?"

"Ndiyo, mama."

"Ninyi mlimpeleka shule miaka yote ile," aliwaambia wajomba, "wakamfundisha kupiga pasi."

Kesho yake aliteremka Goma mwenyewe, amevaa kitambaa cheupe kilichofungwa begani, kama anayekwenda harusini. Kahindo alitoka biro akamkuta amesimama kati ya artisho, akiinua shuka lake lisishikwe na majani.

"Wewe ndiye Kahindo?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Nilisema neno baya juu yako mbele ya ndugu zangu. Halikuwa kweli. Nimekuja kulirudisha." Aliutazama mmea uliokuwa karibu naye. "Lakini hiki kitu sikitaki katika chungu changu."

"Sawa, mama. Chungu ni chako."

"Na wewe utakuwa na chako. Utie humo unachotaka."

Kahindo aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, alitabasamu. Harelimana, aliyekuwa amekuja na mama yake na kusimama nyuma, alisogea hatua moja.

"Wewe bado," Kahindo alimwambia. "Kwangu umemaliza nusu. Nusu iliyobaki iko kwa baba."

Wageni walifika Butembo mwezi wa kumi, wamechoshwa na lori na mvua. Sebule ya Mzee Wenceslas ilikuwa imejaa: wazee wa paroisi upande mmoja, watu wa Masisi upande wa pili, Harelimana katikati yao, kichwa chini. Desturi ilikuwa wazi, na Laurent alikuwa amemkumbusha njia nzima: mwenye kuposa hafungui kinywa, msemaji ndiye ulimi wake. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wamesimama na masufuria mikononi, na Kahindo mbele yao.

"Kabla ya yote," alisema Mzee Wenceslas, "mwezi wa nane nilichinja mbuzi, na nilimla na majirani. Nataka kujua juu ya nini."

Laurent alisimama, akakohoa. "Mwenye nyumba, tunakuheshimu sana. Siku ile, njiani pale Kanyabayonga, tope lilikuwa tope! Lori lilizama mpaka—"

"Hapana," alisema Harelimana.

Laurent alimvuta abakosti. Harelimana alisimama hata hivyo, na mshono wa mfuko ukapasuka.

"Hatukutoka Masisi, mzee. Hakukuwa na tope. Niliharibu jibini za mama yangu kwa sababu sikungoja kama binti yako alivyoniagiza. Mama alimlaumu yeye mbele ya hawa wote, nami nikanyamaza, kwa hofu ya kuchekwa. Ninyi mkakaa hapa mkitazama njia. Nimekuja kukuambia mwenyewe. Ukitufukuza, utakuwa umetutendea haki."

Mzee mmoja wa paroisi alimtazama mwenzake kwa mshangao wa mtu aliyeona kiti kikitembea. Laurent alikuwa amefunika uso kwa kofia.



"Binti yangu ana ulimi mkali," alisema Mzee Wenceslas. "Toka mwezi wa nane nilikuwa naomboleza kwamba amechagua mutu asiye na ulimi kabisa. Kaa chini, mwanangu." Kisha akamgeukia msemaji. "Na wewe, Muzee Laurent, anza upya. Safari hii usinitajie tope."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akanyamazishwa, akacheka tena.