Taulo la Nne

Saa nne asubuhi Insaf alipakia mataulo matatu makavu ndani ya sanduku. Saa tisa alasiri, alipolifungua ili aongeze dawa za mama yake, mataulo yalikuwa yamelowa chapachapa, na yalinuka nywele zilizoungua.

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi Juni, katika nyumba yao ya ghorofa ya tatu mtaani Shubra, Kairo. Safari ilikuwa ya siku mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, kwenda Ras el-Barr, pale mto Nili unapoishia baharini. Insaf aliipanga kwa mwezi mzima, na sababu yake ilikuwa moja. Daktari wa macho alisema mama yake, Hajati Dawlat, angeona kwa wiki tatu zaidi, nne Mungu akipenda. Hajati alitaka kuiona tena bahari aliyoogelea akiwa msichana. Hakutaka kingine.

Insaf aliyaanika mataulo kwenye roshani. Aliporudi, sanduku lenyewe lilikuwa linachuruzika.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "umemwaga maji humu?"

Hajati Dawlat alikuwa kitini akikunja wali ndani ya majani ya mzabibu, kwa kupapasa. Mikono yake ikasimama. "Maji ya makaroni umeyamwaga wapi?"

"Bafuni. Sinki ya jikoni imeziba."

"Kwenye tundu la sakafuni. Yakichemka."

"Yakichemka."

"Uliomba ruhusa?"

Katika nyumba ile hakuna aliyemwaga maji ya moto bafuni bila kusema kwanza, "Kwa ruhusa yenu, wenyeji." Insaf alikuwa akisema hivyo tangu ana miaka mitano. Lakini asubuhi ile simu ilikuwa begani, anabishana na mdogo wake Wagdi kuhusu nani alete feni, na sufuria ilikuwa nzito.

"Nilisahau," alisema.

Ndipo waliposikia kilio. Kilianza kama cha paka mchanga aliyefungiwa mahali, mbali, chini ya sakafu, kisha kikapanda ndani ya bomba, kikapita ukutani nyuma ya picha ya marehemu baba, kikashukia bafuni, na kilipotoka pale hakikuwa tena cha paka bali cha mtoto, mtoto anayelia kwa kwikwi kama aliyelia mno na hakuna aliyemjia, na harufu ya nywele ikazidi, na juu ya vigae vya ukumbini, jua la alasiri likiwaka dirishani, zikatokea nyayo za maji, moja baada ya nyingine, ndogo kama za mtoto wa miaka miwili, mguu wa kushoto ukiburutwa, mpaka kwenye sanduku.

Umm Sabir, mganga wa majini wa ghorofa ya chini, alipanda na chetezo chake. Alipiga magoti bafuni akatega sikio kwenye tundu. Alipoinuka, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa upande mmoja.

"Umemchoma mtoto wa wenyeji," alinong'ona. "Mama yake anasema hakuna atakayetoka humu siku arubaini. Maziwa, hina na mishumaa kila Alhamisi."

"Siku arubaini," alisema Hajati Dawlat. Akachukua jani jingine, akalikunja. "Basi mtanisimulia."

Insaf alivua ndala, akaingia bafuni, akapiga magoti. Akamimina maji ya waridi na sukari.

"Mama wa mtoto," alisema, "nimekosa, sikatai. Mkono uliomwaga ni huu wa kushoto. Jumamosi jioni nitauleta hapa, uufanye utakavyo. Lakini mama yangu ataiona bahari kesho. Ukitaka kuzuia mlango, zuia. Tutapita."

Maji meusi yakapanda kutoka kwenye tundu, yakamfika magotini. Hakuondoka.

"Kama unadhani nitatoroka, mtoto aje nasi. Anichunge."

"We mwanamke una wazimu?" Umm Sabir alinong'ona mlangoni. "Jini hakaribishwi safarini."

"Kwa hiyo mimi nikae hapa siku arubaini, tulie wote?"

Maji yakashuka. Insaf akafungua kabati, akatoa taulo la nne, dogo, lenye picha ya bata, alilokuwa akifutiwa Wagdi utotoni. Akaliweka sandukuni juu ya mengine.

Alfajiri Wagdi alilizunguka gari lake. "Dada, umepakia mawe? Limekaa chini kama limebeba kondoo wa Idi."

"Endesha."

"Na hii harufu?"

"Makaroni yameungua."

"Na mimi nitayala?"

"Utayala na utashukuru."

Walipoipita Mansura, kioo cha nyuma kilifanya ukungu kwa ndani, na katika ukungu ule kikajichora kiganja kidogo. Wagdi alikiona. Hakufanya mzaha tena mpaka walipofika. Hajati Dawlat, peke yake kiti cha nyuma, alijisogeza kama anayempisha mtu.

Ufukweni mkodisha viti aliwapangia viti vinne chini ya mwavuli mmoja.

"Tuko watatu," Wagdi alisema.

"Na mtoto je? Si huyo aliyemshika Hajati kidole?" Mtu yule akatazama huku na huku. "Kumbe keshaingia majini. Mwangalieni, mguu wake si mzima."

Wagdi aliinuka ghafla. "Dada, turudi nyumbani."

"Keti. Hatukuja huku kumtazama yeye." Insaf akatandika taulo la bata juu ya kiti cha nne. Lilianza kulowa kutoka katikati.

Hajati Dawlat hakugeuka. Alikuwa ameikazia macho bahari.

"Nilikuwa nimesahau kwamba inasogea," alisema.

Aliitazama siku mbili.

Jumamosi magharibi walirudi Shubra. Insaf aliingia bafuni, akafunga mlango, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya tundu. "Nimerudi," alisema.

Kitu kidogo, cha baridi, chenye mchanga wa pwani, kiliingia kiganjani mwake kikamshika. Kisha kikaanza kupata moto. Kikazidi, kikazidi. Hakupiga kelele.

Alama ya vidole vitano vidogo haijafutika. Hajati Dawlat hakuwahi kuiona. Macho yake yalizimika mwezi Julai, kidonda kikiwa bado kimefungwa bendeji. Huipapasa tu.

Juni iliyofuata, Umm Sabir alipanda ngazi kuja kuwakataza wasiende tena baharini. Insaf alimpa chai, akaendelea kupakia. Saa nne asubuhi aliweka mataulo manne makavu. Saa tisa alilifungua sanduku. Matatu yalikuwa makavu.

"Twende basi," alisema.