Kangaga la Mushitu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya lundo la mawe ya mgodi Mbombo alipomfunga mtoto mgongoni, akachukua ndoo na jembe dogo, akashuka kijitoni kutafuta udongo mweusi wa makangaga yake. Kesho yake Madame, yule Mbelgiji aliyewafundisha wake wa wafanyakazi ushonaji na usafi, angepita kukagua baraza za kambi na kuchagua iliyopendeza zaidi. Mbombo hakuwa mtu wa kushindwa kizembe. Ilikuwa miaka ya mwisho ya ukoloni, na katika kambi yote ya kampuni pale Kolwezi hapakuwa na baraza yenye kivuli kizuri kama yake. Wengine walipanda maua. Yeye alipenda makangaga, mimea isiyotoa ua wala tunda, ambayo wanawake waliiita fujere kwa kumwiga Madame. Aliyaning'iniza kwenye makopo, akayanyunyizia maji asubuhi na jioni, akayasemesha. Mumewe Kabeya alikuwa akimtania kwamba iko siku atayapikia bukari, ugali wa huko.

Mushitu, ule msitu mnene wa kandokando ya maji, ulikuwa umeshaingia giza. Mbombo alichota udongo harakaharaka, maana hata shujaa haoni haya kuogopa mahali kama pale. Alipoinua kichwa, akaliona.

Kangaga kubwa, la kijani kizito. Lilikuwa limeota ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, na chungu chenyewe kimezama nusu kwenye tope.

Alifurahi kweli. Kwao Kasai hakuwahi kuona kitu cha namna ile, kwa hiyo akili yake ilimwambia ni chungu kilichotupwa, basi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Chungu nacho hakijiziki. Lakini Mbombo alikuwa akimuwaza Madame.

Akakivuta. Tope likakiachia kwa shida, na harufu ikampanda puani... maziwa yaliyochacha.

Mgongoni, mwanawe Simone akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtoto anayechezewa na mtu aliye nyuma yake.

Mbombo akageuka. Hapakuwa na mtu.

Kesho yake Madame alilisifu lile kangaga mbele ya kambi nzima. Jirani yake Godelieve, mke wa Polycarpe, aliyekaa katika ndoa miaka na miaka bila kupata mtoto, akaomba kipande. Mbombo hakuwa mchoyo. Alipasua shina kwa kisu cha jikoni, kama afanyavyo siku zote akitaka kangaga moja liwe mawili, akampandia jirani yake nusu kwenye kopo. Penye jeraha yakatoka maji meupe, mazito. Alikuwa amepasua makangaga mengi na hakuwahi kuona hayo. Akafuta kisu kwenye kitenge.

Tangu siku ile, kila alfajiri Mbombo aliamka matiti yamelegea, hayana hata tone, na Simone analia njaa. Maziwa ya kopo aliyatapika. Dispensari walimpima, hawakuona ugonjwa. Mtoto akakonda hadi mbavu zikahesabika, na mama yake akaanza kuogopa kumtazama. Barazani, kangaga lilitoa machipukizi mapya kila kukicha, yamejikunja kama ngumi za kichanga. Hakuwa na nguvu tena ya kulimwagilia. Hata hivyo udongo wake haukukauka, na ukiugusa, ulikuwa na joto.

Alfajiri moja, Kabeya akiwa bado mgodini, Mbombo akasikia.

Nyu... nyu... nyu...

Sauti ya kunyonya. Simone alikuwa kando yake, amelala, mdomo umefumba. Sauti ilitoka barazani. Na titi lake la kushoto lilikuwa linavutwa, polepole, wala hapakuwa na mdomo juu yake.

Hakuthubutu kufungua mlango mpaka king'ora cha kampuni kilipolia.

Asubuhi hiyo akapita Mama Mukalay, mchuuzi wa uyoga, mwenyeji wa bonde lile. Alipokiona chungu akatua kikapu chini. Hakupanda barazani; aliuliza kilikotolewa.

"Mama, hii nyungu ulitosha wapi?"

"Ku mushitu. Ilikuwa ya kutupa."

"Haiko ya kutupa. Mutoto akikufa mbele ya kuota meno, siye tunamuzika ku mayi, mu nyungu ya mama yake. Tunapanda fujere juu, imufanyie kivuli." Akashusha sauti. "Ule mama alikufa zamani. Mutoto ulimwamusha weye. Iko na njala."

Akamwelekeza akirudishe chungu jioni hiyohiyo, palepale, na asitazame nyuma. Kangaga lote, alisisitiza, asibakishe hata mzizi.

Mbombo akakikumbuka kisu.

Jioni alimkuta Godelieve ameketi mkekani, amepakata lile kopo. Blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, huku na huku. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa.

"Yaya Godelieve, dada yangu, unirudishie. Simone iko nakufa."

Godelieve hakuinua macho. "Weye uko na wako, Mama Simone. Uniachie wangu."

Mbombo akanyoosha mkono alinyakue kopo. Jani moja likajikunja kwenye kidole chake. Likashika...

Lilikuwa na joto.

Alijinasua, akakimbia. Akabeba chungu chake hadi mushitu, akakirudisha shimoni mwake, wala hakutazama nyuma. Alipofika nyumbani Simone alinyonya mpaka akashiba, akalala, na Mbombo akalia kwa furaha na kwa aibu. Alijua ameacha nusu. Lakini mwanawe alikuwa anapona, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Simone akanenepa. Godelieve ndiye aliyekonda. Polycarpe alisema mkewe hatoki tena nje, anashinda chumbani akiimba nyimbo za kubembeleza. Baadaye nyimbo zikakoma.

Jioni moja Mbombo alikuwa ameketi barazani akinyonyesha. Godelieve akaja, akasimama kwenye ua, mashavu yamezama, mikono mitupu. Kopo hakuwa nalo. Alisema taratibu, kama mtu aliyetumwa tu.

"Maziba yangu imekauka, Mama Simone. Anaulizia weye."

Mbombo aliinuka na mtoto wake, akaingia ndani, akafunga mlango na komeo. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilikuwa imeshatangulia chumbani.

Simone aliachia titi, akatazama juu ya bega la mama yake, akacheka.