Taa ya Bibi

Ta. Ta. Ta.

Bado giza, sauti hiyo ndogo ilimwamsha Waya, msichana aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuchezea nyaya. Aliitambua. Ilikuwa swichi inayojiwasha yenyewe ndani ya kisanduku walichounda yeye na kaka yake, Kichwa. Alikimbilia chumbani kwa bibi. Taa ilikuwa ikiwaka na kuzimika, na mdogo wao mchanga amelala fofofo.

Masikio ya bibi yalikuwa mazito. Mtoto akilia, kisanduku kilipaswa kusikia na kuwasha taa, ili mama aende darasani jioni bila wasiwasi.

"Jana niliinuka weee, mtoto kalala," bibi alisema kwa uchovu. "Mwisho nikaipa taa kisogo. Kumbe ndipo alipolia kweli."

Mama aliingia, akampakata mtoto, ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. "Basi. Masomo yatasubiri."

Waya alimnyooshea kidole kaka yake, aliyekuwa amefika mlangoni. "Programu ya Kichwa ndiyo mbovu!"

"Mbovu ni bodi yako ya nyaya!" Kichwa alijibu. " Kwenye kompyuta yangu programu ilitambua kilio vizuri kabisa."

"Na bodi yangu niliipima, swichi inafanya kazi!"

"Kila mtu kapima kivyake," mama alisema. "Nani alikaa na kisanduku kizima akakisikiliza?"

Wakaketi sakafuni, masikio karibu na kisanduku. Waya akapiga makofi mara moja. Ta! Taa ikawaka. Ta! Ikazimika. Ta! Ikawaka tena.

"Kinajisikia chenyewe," Kichwa alinong'ona.

Waya aliinama. "Kinasa sauti, yaani sikio lake, nilikibandika ubavuni mwa swichi, ili kisanduku kipendeze."

"Nami nilikiambia kiwashe au kizime taa kila kikisikia sauti. Sikujua swichi ina kelele."

"Hukuniuliza."

"Nawe hukuniambia!" Wakacheka.

Waya alirefusha nyaya, akaweka kinasa sauti juu ya sponji, mbali na swichi. Kichwa akarekebisha programu isijali mlio wa ghafla, ingoje sauti inayoendelea kama kilio.

Jioni mtoto alilia. Taa iliwaka, ikatulia bila kuzimika. Bibi akainuka kumwendea mjukuu. "Naja, mume wangu, usinifokee!"

Mama alicheka hadi machozi. "Kidole kimoja hakivunji chawa, wanangu. Lakini hata viwili havivunji, visipokutana. Anayeunda bodi na anayeandika programu waketi pamoja tangu mwanzo."

Waya alimletea mkoba wake wa vitabu.

"Mama, nenda darasani."