Zinia Alizong'oa Gelasius

Otilia na mume wake Gelasius waliishi Mount Dennis, Toronto, katika nyumba yenye bustani ndogo mbele. Otilia alihudumia wazee. Gelasius alioka mikate kiwandani. Mtoto wao Erick alikuwa chuoni, mji mwingine.

Mwaka 2014 ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano. Misa ya jubilei ilipangwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Otilia alitaka kitu kimoja tu: maua ya zinia kanisani, kama siku ya harusi yao kule Bukoba. Mwishoni mwa Mei, baridi ya kugandisha ilipokwisha, alipanda mbegu.

Jumamosi moja ya Juni, Otilia akiwa kazini, Gelasius aliona bustani imejaa majani.

"Ngoja nimpalilie mke wangu," alisema. "Atafurahi."

Otilia aliporudi, alisimama ghafla.

"Baba Erick, maua yangu yako wapi?"

"Si haya hapa? Nimeng'oa magugu yote."

"Huo ni mchicha pori!"

Gelasius aliinama akatazama. "Ndiyo maana niliuona kama naujua," alisema polepole.

Otilia hakucheka. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Gelasius aliokota miche aliyoing'oa, akaitia kwenye ndoo. Akaenda kwa jirani yao, Bi Farhat. Mama huyu alikulia Moshi, na kila mwaka bustani yake iliwaka maua.

"Shikamoo, Bi Farhat. Nimeharibu."

"Marahaba, baba. Umeharibu nini?"

Gelasius alimweleza yote. Bi Farhat alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii imeshanyauka, haifufuki," alisema. "Lakini itakufundisha. Tazama. Majani ya zinia hukaa mawili mawili, yakitazamana. Hayana kikonyo, yanakumbatia shina. Hebu lipapase moja."

"Linakwaruza kama msasa!"

"Umeona? Mchicha si hivyo. Jani moja liko huku, jingine juu zaidi upande wa pili, na kila moja lina kikonyo kirefu."

"Na jubilei, mama? Tumechelewa?"

"Leo ni tarehe kumi na nne. Zinia huanza kutoa maua baada ya siku sitini au sabini. Panda leo."

Alimpa bahasha ya mbegu alizozihifadhi mwaka uliopita. Kisha akafuatana naye.

Otilia alichungulia dirishani. Aliwaona wawili hao wamechuchumaa juani. Alivaa kandambili, akatoka.

"Hapa pana jua siku nzima, ndipo zinia zinapopenda," Bi Farhat alikuwa akisema. "Fukia mbegu kidogo tu, nusu sentimita. Zikiota, punguza. Acha futi moja kati ya mche na mche. Zikibanana, majani hushikwa na ukungu mweupe. Na maji umwagie kwenye udongo, si juu ya majani."

"Umesikia?" Otilia alimuuliza mumewe.

"Nimesikia, mke wangu. Nisamehe."

Otilia alichuchumaa karibu naye, akachukua mbegu chache.

Miche ilipofikisha jozi nne za majani, Bi Farhat aliwaambia wakate ncha za juu ili itoe matawi mengi. Gelasius alishika mkasi, akausogeza kwenye ncha, akaurudisha.

"Nimeshaziua zinia mara moja," alisema. "Sithubutu tena."

"Kata, bwana!" Otilia alisema, na safari hii alicheka.

Katikati ya Agosti ua la kwanza lilichanua, jekundu. Yakafuata ya machungwa, ya waridi na ya njano. Bi Farhat aliwaonyesha jinsi ya kujua ua lililokomaa.

"Shika shina, ulitikise. Shingo ikilegea, liache. Ikisimama imara, likate. Na msiogope kukata. Mkikata, yanaongezeka."

Siku ya jubilei walipeleka ndoo tatu kanisani. Donatienne, mama wa Kikongo aliyepamba altare, alirudi nyuma hatua mbili, akapiga makofi.

"Mama Erick, maua haya ni mazuri mno! Nani ameyapanda?"

Gelasius, aliyekuwa akifunga tai yake, aliacha fundo katikati, akamtazama mke wake.

"Mume wangu," Otilia alisema.